Kusagisha Mawe ya Dhahabu: Hali ya Karasha na Haki ya Mteja

Mteja anayepeleka mahindi mashineni huondoka na unga wake wote, na akiona chenga humwambia msagaji arudie. Mteja anayepeleka mawe ya dhahabu kwenye karasha hana uhakika huo. Unga wa mawe huonekana uleule uwe umesagika vema au nusunusu; dhahabu iliyofungwa ndani ya chembe haionekani kwa macho; na mabaki baada ya kuosha, yaani marudio, aghalabu hubaki mwaloni mikononi mwa mwenye karasha. Mteja akiambulia gramu chache husema duara limekuwa maskini. Mara nyingine duara halina kosa lolote. Pipa lilizunguka kwa saa zote alizolipia, lakini halikusaga.

Somo hili linamhusu mteja huyo, na hasa wakazi wa Maganzo na vijiji vya jirani wilayani Kishapu. Maganzo imekua kando ya mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao mwamba wake uligunduliwa na mjiolojia Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mtu aliyezoea almasi huenda leo akanunua hisa katika duara la dhahabu Mwakitolyo au akavuka kwenda Geita, na akabeba mazoea yasiyofaa huko. Almasi hukombolewa kwa kuvunja mwamba hatua kwa hatua, kuosha na kuchambua. Anayesaga mno huharibu mali yake mwenyewe. Jiwe la waridi lenye karati 54.5 lililopatikana Mwadui mwaka 1947 lisingetoka zima ndani ya pipa la gololi. Dhahabu ya mwambani ina tabia tofauti: punje zake ni ndogo, zimenaswa ndani ya jiwe jeupe gumu au ndani ya madini ya salfa yanayong'aa, na hazitoki mpaka jiwe lisagwe kuwa unga. Hivyo mteja wa karasha hanunui saa wala hanunui mzunguko wa pipa. Ananunua ulaini wa unga, na ulaini huo unategemea hali ya mashine siku ile anayoitumia.

Namna karasha linavyosaga

Ndani ya pipa la chuma kuna gololi. Pipa linapozunguka, gololi hupandishwa upande mmoja, zikifika juu huanguka na kuviringika juu ya mawe yaliyo chini. Kuanguka huvunja vipande vikubwa, na kuviringika husaga vile vidogo. Karasha zuri hufanya kazi zote mbili kwa pamoja, kama mwanamke atwangaye kwenye kinu ambaye mara hupiga kwa mchi, mara huuzungusha.

Mwendo wa pipa

Pipa likienda polepole mno, gololi hazipandi. Hutelezeana chini, zikasuguana zenyewe na kulaza mawe. Likienda kasi mno, gololi hushikamana na ukuta wa pipa na kuzunguka nalo bila kuanguka. Mwendo huo wa kushikamana unajulikana kwa hesabu: kwa pipa lenye upana wa ndani wa mita 1, ni takribani mizunguko 42 kwa dakika. Mwendo unaofaa kwa kusaga ni kati ya asilimia 65 na 75 ya huo, yaani mizunguko 27 hadi 32. Pipa jembamba huhitaji kwenda kasi zaidi na pipa pana polepole zaidi: la sentimita 80 huhitaji mizunguko 31 hadi 35, na la sentimita 120 huhitaji 25 hadi 29.

Mteja anaweza kuhakikisha jambo hili bila chombo chochote cha kitaalamu. Piga alama ya chokaa ubavuni mwa pipa kabla halijawashwa, kisha hesabu alama hiyo inapita mara ngapi kwa dakika moja ya saa ya simu. Hesabu tena baada ya nusu saa. Mkanda uliolegea huteleza kwenye puli, na umeme ukipungua nguvu jioni, au injini ya dizeli ikichoka, pipa hupoteza mizunguko bila mtu kutambua. Anayelipa kwa saa hulipa saa ileile ya mwendo wa pole. Kwa sababu hiyo ni vema malipo yakapatanwa kwa kiroba kilichosagika hadi kipimo fulani cha chekeche. Hapo hasara ya mkanda mbovu inabaki kwa mwenye mkanda.

Sikiliza pia. Karasha linalosaga hutoa mvumo mzito wenye mgongano uliofifishwa na mawe. Kelele kali ya chuma kugonga chuma ina maana kwamba mawe ni machache au yamekwisha kuwa vumbi, na gololi zinaligonga pipa. Mvumo uliozibwa kabisa, kama wa gari lililokwama kwenye tope, unaonyesha kwamba pipa limeshindiliwa mawe kupita kiasi.

Gololi: nyingi kiasi gani, na za ukubwa gani

Kati ya mambo yote ya karasha, gololi ndizo zinazohitaji jicho kali zaidi, maana ndizo zinazogharimu na ndizo zinazoisha. Pipa linapaswa kuwa na gololi za kujaza kati ya asilimia 30 na 45 ya nafasi yake. Katika pipa la mita 1 lililosimama, gololi zinazojaza asilimia 40 hufika sentimita 8 hivi chini ya katikati ya pipa. Zikiwa zimeshuka sentimita 20 chini ya katikati, zinajaza takribani robo tu ya pipa, na karasha hilo haliwezi kusaga ipasavyo hata likizunguka kutwa. Omba lango lifunguliwe kabla mawe yako hayajaingia, uweke ubao na upime. Mwenye karasha mwaminifu hatakataa.

Uzito wake unashangaza. Pipa la upana wa mita 1 na urefu wa mita 1, likijazwa gololi za chuma kwa asilimia 40, hubeba karibu tani moja na nusu ya gololi. Fedha hiyo ni nyingi, na ndiyo sababu kishawishi cha kupunguza gololi, au kuongezea vipande vya nondo na vyuma chakavu, ni kikubwa. Vipande hivyo huvunja kidogo na husaga vibaya, kwa kuwa haviviringiki.

Gololi huliwa na mawe. Gololi ya milimita 60 iliyolika hadi milimita 30 imebaki na nusu ya upana wake, lakini uzito wake ni sehemu moja ya nane tu ya ule wa mwanzo. Haina tena nguvu ya kuvunja jiwe gumu. Hata hivyo usidai gololi kubwa pekee. Kubwa huvunja mawe, ndogo husaga chenga kuwa unga. Pipa lenye kubwa tupu huacha chenga nyingi, na lenye ndogo tupu huacha kokoto nzima. Mchanganyiko ndio unaotakiwa, na mwenye karasha anayeongeza gololi mpya chache kila baada ya muda huupata bila taabu. Aliyekaa miezi bila kuongeza hata moja utamjua kwa kuangalia: gololi zote zitakuwa ndogo, zingine zimekuwa bapa au zenye pembe.

Mawe yanayoingizwa

Kosa moja hutokea zaidi ya mengine, na mara nyingi mteja mwenyewe huliomba: kujaza mawe kupita kiasi ili foleni iishe. Kiasi sahihi cha mawe ni kile kinachojaza mianya iliyo kati ya gololi na kuzifunika kidogo tu. Kwa pipa lile la mita 1 kwa mita 1 lenye gololi za asilimia 40, mawe hayo ni kilo 200 hivi, yaani viroba 4 vya kilo 50. Pipa hilohilo likipewa viroba 8, gololi huangukia godoro la mawe. Muda wa kusaga haurefuki maradufu kama watu wanavyodhani. Hurefuka zaidi ya hapo, na mara nyingi hakuna anayesubiri.

Ukubwa wa vipande nao una athari. Vipande vya ukubwa wa ngumi havifai kuingizwa kwenye pipa dogo. Vigongwe kwanza hadi viwe kama harage au kokoto ya kidole. Kazi hiyo ya nyundo, ambayo mialoni hufanywa sana na akina mama, ni rahisi kuliko dizeli itakayochomwa kufanya kazi ileile ndani ya pipa.

Mawe hayafanani ugumu. Udongo mwekundu wa juu na mwamba uliooza husagika upesi. Jiwe jeupe la chini ya duara huchukua muda mrefu mno. Ukichanganya hayo mawili katika pipa moja, laini litakuwa vumbi kabla gumu halijavunjika, na vumbi hilo hufunika gololi na kuzuia pigo lake. Tenganisha viroba tangu duarani na usage kila aina peke yake. Muda uliotosha mawe ya mwezi uliopita hauwi kipimo cha mawe ya leo iwapo duara limeshuka mita kadhaa.

Kuhusu unyevu: karasha la kavu halipendi mawe ya mvua. Unga wenye unyevu hugandamana kwenye gololi na kwenye kuta kama ugali chini ya sufuria, na kusaga hukoma ingawa pipa linazunguka. Wakati wa mvua anika mawe kwenye turubai siku nzima kabla ya kusagisha. Kwa karasha la maji hali ni nyingine: maji ni sehemu ya kazi, na kipimo kinachofaa ni takribani lita 21 kwa kila kilo 50 za mawe makavu. Maji yakizidi, mawe huogelea na gololi zikagongana zenyewe. Yakipungua, tope huwa zito na kuzishika. Mwenye karasha la maji anayemimina kwa kukisia kwa bomba anabahatisha mali ya mteja.

Lini pawe basi

Yamkini utadhani kwamba kadiri unga unavyosagwa ndivyo dhahabu inavyoongezeka. Si hivyo. Dhahabu ni laini. Haivunjiki kama jiwe, hupigwa ikawa bapa. Punje iliyokwisha kutoka ndani ya jiwe, ikiendelea kugongwa, huwa jani jembamba linaloelea juu ya maji na kupita kwenye ubao wa kuoshea bila kunaswa na gunia wala blanketi. Nyingine hupakazwa kwenye gololi na mabamba. Basi mteja hupoteza pande zote mbili: akisaga kidogo, dhahabu hubaki ndani ya chembe, akisaga mno, huichukua maji.

Njia ya kati ni kusaga kwa awamu. Pipa lisimamishwe, unga upitishwe kwenye chekeche la milimita 1 au dogo zaidi, uliopita uondolewe, na chenga zilizobaki zirudishwe peke yake. Kazi huongezeka kidogo, lakini kila punje hukaa ndani ya pipa kwa muda inaohitaji tu.

Ili kujua kama kusaga kulitosha, fanya jaribio lifuatalo kabla hujaondoka mwaloni. Chota marudio sehemu nyingi tofauti, yachanganye vizuri juu ya turubai, na uyagawe mafungu mawili yenye uzito sawa. Fungu la kwanza lioshe kwenye karai kama lilivyo. La pili litwange kwanza kwenye kinu cha chuma hadi liwe laini kama unga wa sembe, kisha lioshe vilevile. Fungu la kwanza likitoa dhahabu, ubao wa kuoshea ndio unaovuja: umesimama wima mno, maji ni mengi, au gunia limechakaa. La kwanza likiwa tupu na la pili likatoa, karasha halikusaga vya kutosha, nawe una haki ya kudai kazi irudiwe. Yote mawili yakiwa matupu, usifikiri kwamba dhahabu imekwisha. Huenda iliyobaki ni laini mno kwa karai, na ni maabara tu itakayoionyesha.

Aliyetangulia na anayefuata

Dhahabu ni nzito na hupenda kujificha. Hutulia nyuma ya mabamba ya ndani yaliyolegea, kwenye nyufa na chini ya lango. Mteja wa kwanza katika pipa jipya au pipa lililobadilishwa mabamba hulipa kodi isiyoandikwa popote: sehemu ya dhahabu yake hujaza nyufa hizo. Siku mabamba yatakapofunguliwa, anayezoa ni mwenye karasha.

Kwa hiyo patana kabla ya kuanza kwamba pipa litasafishwa mbele yako, na kwamba baada ya mawe yako kutoka, mchanga usio na dhahabu utazungushwa humo kwa dakika chache na kuoshwa kwa hesabu yako. Ndoo mbili za mchanga zinatosha. Mabamba yenye boliti zilizolegea ni sababu ya kutosha kutafuta karasha lingine.

Marudio ni mali ya nani?

Hapa ndipo maslahi ya mteja na ya mwenye karasha yanapotengana, na mteja anatakiwa kuelewa hesabu yake. Tuchukulie tani 1 ya mawe, yaani viroba 20, yenye gramu 10 za dhahabu. Ubao wa kuoshea na zebaki mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu yote. Tuseme gramu 4. Gramu 6 zimebaki katika marudio. Mwenye leseni ya uchenjuaji akiyapitisha marudio hayo kwenye sayanaidi na kupata asilimia 90 ya kilichomo, atakuwa na gramu 5.4. Amepata zaidi ya aliyechimba. Na iwapo karasha lilisaga vibaya hata ubao ukakamata gramu 3 tu, mteja amepungukiwa gramu moja, lakini gramu hiyo haikupotea. Ipo kwenye rundo, inasubiri kusagwa tena.

Hatusemi kwamba kila mwenye karasha husaga vibaya kwa makusudi. Wengi wana mashine chakavu tu. Lakini utaratibu ambao mwenye mashine hunufaika mashine yake inapofanya kazi vibaya ni utaratibu unaomtaka mteja awe macho. Ukisikia kwamba mahali fulani kusaga ni bure au kwa bei ya kutupa ilimradi uache marudio, tambua kwamba hapo umelipa, pengine kwa bei kubwa kuliko zote.

Makubaliano ya kuacha marudio si haramu. Yawe tu ya kujua. Kabla ya kukubali, peleka sampuli maabara ipimwe gramu kwa tani, kisha zidisha kwa tani ulizonazo. Waweza kupatana kuuza marudio kwa bei itokanayo na kipimo hicho, kugawana mapato ya uchenjuaji, au kuyabeba. Wachimbaji wenye mzigo wa kutosha wanaweza kuangalia pia vituo vya mfano vya STAMICO vilivyopo Lwamgasa na Katente mkoani Geita, na Itumbi wilayani Chunya, ambako mawe huchenjuliwa bila zebaki. Usijaribu sayanaidi nyumbani wala kwenye shimo la uani: ni sumu inayoua, na matumizi yake yanahitaji kibali na usimamizi.

Vumbi

Karasha la kavu linalosaga jiwe jeupe hutoa vumbi ambalo likiingia kwenye mapafu halitoki. Husababisha ugonjwa wa mapafu usio na tiba na kumweka mtu katika hatari kubwa ya kifua kikuu. Simama upande unakotoka upepo, usifungue lango mara pipa linaposimama, nyunyizia maji unga unapokwisha kutoka, na usiende na mtoto. Kitambaa puani hakizuii vumbi laini la aina hii. Karasha la maji, kwa anayeweza kulipata, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili.

Mzozo ukitokea

Mizani iliyotumika kupimia viroba au dhahabu inapaswa kuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Tafuta stika yake, na uangalie mwaka. Malalamiko kuhusu mizani yapelekwe kwa Wakala huo. Malalamiko kuhusu mwenye karasha, marudio au leseni yapelekwe ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Tume ya Madini katika mkoa wa kimadini uliposagishia, maana mawe ya Mwakitolyo yaliyosagwa Geita hushughulikiwa Geita. Dhahabu yako iuzwe katika soko la madini, ambako uzito na bei huandikwa. Soko la Geita limekuwepo tangu Machi 2019.

Unapokwenda kulalamika, chukua stakabadhi yenye tarehe, idadi ya viroba na muda wa kusaga, pamoja na mfuko wa sampuli ya marudio uliochotwa siku ileile mbele ya pande zote mbili, ukafungwa na kutiwa sahihi. Mfuko wa pili wa sampuli hiyohiyo ubaki kwa mwenye karasha.